Programu ya bure, dhamana ya kulipia

ALIYENUNUA hisa ya TiVo siku kampuni hiyo ya California ilipoingia sokoni mwezi Septemba 1999, alitoa dola 16. Kampuni ya Rovi ilipoinunua TiVo mwaka 2016, kwa jumla ya takriban dola bilioni 1.1, mwenye hisa alifidiwa thamani ya dola 10.70. Miaka 17 ya kungoja, na mtaji haukurudi mzima. Yote hayo yalitokea ilhali kifaa chenyewe, kinachorekodi vipindi vya televisheni katika diski ya kompyuta badala ya mkanda wa video, kilisifiwa kila kilipofika.

Leo hata hivyo sikusudii kuizungumzia TiVo, bali mshindani wake asiye na hisa hata moja. MythTV ni programu huria iliyoanzishwa mwaka 2002 na Mmarekani Isaac Richards, mtaalamu wa kompyuta ambaye hakuridhika na kisanduku alichopewa na kampuni ya televisheni ya kebo. Hufanya kazi ileile: kurekodi, kusimamisha kipindi kinachoendelea, kuruka matangazo ya biashara. Haina bei. Chuoni tulifundishwa kwamba bei hupatikana pale ugavi na mahitaji vinapokutana. Sikumbuki mhadhiri yeyote aliyetueleza la kufanya bei inapokuwa sifuri.

Wafanyabiashara wengi wakisikia bure hufikiri mara moja kuhusu faida: nachukua programu, nanunua kompyuta kuukuu, nafunga kadi ya kupokea matangazo, nauza kisanduku. Hesabu hiyo si mbaya. Inaharibika pale muuzaji anapochukua toleo la majaribio na kulipeleka kwa mteja kwa sababu tu lina mambo mapya. Hapo ndipo nina neno.

Kwanza tuelewe kwa nini matoleo hayo hutolewa hadharani. Marekani hurusha televisheni ya dijitali kwa mfumo wa ATSC, Ulaya kwa DVB, Japani na Brazili kwa ISDB. Kuna kadi za kupokea matangazo za kila aina, na kila moja ina vituko vyake. Kampuni kubwa ingeweza kuchagua kadi moja na kufunga mlango. Watu wanaojitolea hawana maabara ya kukusanya kadi zote za dunia, wala hawawezi kukaa chini ya antena ya kila nchi. Maabara yao ni watumiaji. Toleo la majaribio ni tangazo la kuomba kazi: pakua, jaribu, tuletee dosari. Anayejaribu halipi fedha, lakini analipa kwa usiku wake, kwa vipindi vitakavyomponyoka, na wakati mwingine kwa kumbukumbu zake zote.

Mfano mzuri ni toleo la 0.22 la MythTV, lililokamilika Novemba 2009 baada ya matoleo ya majaribio. Toleo lililotangulia, la 0.21, lilitoka Machi 2008. Kwa hiyo watumiaji walikuwa wamesubiri zaidi ya mwaka mmja na nusu na walikuwa na njaa nalo. Lilikuwa na sura mpya kabisa ya kwenye kioo, na msingi wa programu ulihamishwa kutoka Qt3 kwenda Qt4, yaani seti ya zana zinazochora madirisha na vitufe. Kuhamisha kitu kama hicho ni sawa na kubadilisha injini ya daladala bila kushusha abiria.

Tatizo kubwa lakini halikuonekana kwenye kioo. MythTV huandika majina ya vipindi, ratiba na orodha ya rekodi katika hifadhidata. Rekodi zenyewe hukaa kwenye diski kama mafaili ambayo majina yake ni tarakimu za chaneli na za saa, basi. Hifadhidata ikipotea, mwenye mashine anabaki na mamia ya mafaili ambayo hajui ipi ni arusi iliyoonyeshwa kwenye kituo cha mji wake na ipi ni taarifa ya hali ya hewa. Toleo jipya linapowashwa hubadilisha muundo wa hifadhidata, na mabadiliko hayo huenda mbele tu. Hakuna kitufe cha kurudi. Katika 0.22 wapo watumiaji ambao maandishi ya hifadhidata zao yalikuwa yamehifadhiwa kwa mfumo usiotarajiwa wa herufi, na kazi ya kubadilisha ikakwama. Ilibidi yaandikwe maelekezo marefu ya namna ya kuzitengeneza. Aliyekuwa na nakala ya hifadhidata alipoteza jioni moja. Asiyekuwa nayo, tumwachie mwenyewe.

Kuna jambo jingine dogo lenye gharama kubwa. Mfumo huu una pande mbili: mashine inayorekodi, na mashine inayoonyesha, ambayo inaweza kuwa chumba kingine. Pande hizo hazielewani zikiwa na matoleo tofauti. Ukipandisha moja, pandisha zote siku hiyohiyo.

Sasa tupige hesabu ya kubuni. Fundi wa Kariakoo anauza visanduku 20, kila kimoja kikimpa faida ya shilingi 60,000. Ana shilingi 1,200,000 mkononi na anafurahi. Ameweka toleo la majaribio. Katika miezi mitatu kila mteja anamwita mara mbili, na kila safari ya kwenda Mbezi au Tegeta, pamoja na nusu siku ya kibanda kufungwa, inamgharimu 15,000. Shilingi 600,000 zimekwenda. Nusu ya faida imeliwa na nauli, na bado hajahesabu mteja aliyekosa fainali ya kombe na sasa anamtangaza vibaya mtaani. Mteja huyo hakukubali kuwa mjaribu. Alidhani amenunua bidhaa.

Hoja yangu si kwamba watengenezaji wa programu huria wamekosea kutoa matoleo mabichi. Wamefanya uungwana kuliko viwanda vingi: wameandika juu ya mfuko kwamba unga huu bado una pumba, na wametaja pumba ziko wapi. Kosa ni la dukani, pale mfuko unapobadilishwa jina.

Na hapa leseni yenyewe inasema jambo ambalo wafanyabiashara wetu hawalisomi. MythTV iko chini ya leseni ya GPL, toleo la 2. Kifungu chake cha 11 kinatamka wazi kwamba programu haina dhamana yoyote. Lakini kifungu cha 1 kinamruhusu anayeisambaza kutoza ada kwa ajili ya dhamana. Watunzi wa leseni hiyo wameonyesha soko liko wapi. Programu haiuziki, kwa kuwa yeyote anaweza kuipata bure. Kinachouzika ni mtu anayesema: mimi nimeijaribu miezi mitatu kwenye mashine yangu, nakuwekea toleo lililotulia, ikiharibika nakuja. Leseni hiyohiyo inadai pia kwamba anayeuza kisanduku ampe mnunuzi msimbo wa programu, au ahadi ya maandishi ya kumpatia. Wengi hulisahau hilo.

Anayeuza dhamana ajue pia vitu vilivyo nje ya uwezo wake. Ratiba za vipindi ni mojawapo. Watumiaji wa Marekani walikuwa wakizipata bure kutoka Zap2it Labs hadi huduma hiyo ilipofungwa tarehe 1 Septemba 2007. Watengenezaji wa programu huria wakaunda taasisi isiyo ya faida, Schedules Direct, na watumiaji wakaanza kulipa ada. Programu ilibaki bure, chakula chake kikawa cha kununua. Hataza nazo zina meno: mwaka 2011 Dish na EchoStar walikubali kuilipa TiVo dola milioni 500 kumaliza kesi ya teknolojia ya kurekodi.

Kwa upande wa pili, programu iliyofungwa haina usalama ambao wauzaji wake hudai. Microsoft iliondoa Media Center katika Windows 10 mwaka 2015, na waliokuwa wamejenga biashara ndogo juu yake hawakuwa na msimbo wa kuendeleza. MythTV iliendelea kutoa matoleo mapya, ikiwa ni pamoja na la 34 mwaka 2024. Haijamtajirisha mtu, na sitamwambia msomaji kwamba hiyo ni sifa. Namwambia tu kwamba uamuzi wa ofisi moja haukutosha kuizima.

Kwa soko letu, tangu Dar es Salaam ilipozima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, matangazo yanayopokelewa kwa antena ni ya dijitali, mengi yakiwa ya DVB-T2. Kadi za zamani zilizoandikwa DVB-T pekee hazipokei DVB-T2, na ndizo rahisi kuzipata katika mitumba ya kompyuta. Chaneli zilizofungwa kwa ajili ya wenye ving'amuzi vya kulipia hazitafunguka kwa kadi na programu hii. Na kurekodi kwa ajili ya sebuleni ni jambo moja. Kurekodi mechi na kuionyesha kwa kiingilio katika kibanda umiza ni jambo jingine, lenye wakili wake.

Anayetaka kuanza atenge mashine moja ya dukani isiyo ya mteja, aweke humo toleo la majaribio, na anakili hifadhidata kwenye diski ya pembeni kabla ya kugusa chochote. Gharama ya diski hiyo iingizwe katika bei ya dhamana tangu siku ya kwanza.