Muda wa Ndege Haumfikishi Mtu Kaaleng

Makala iliyodai kuwa Turkana sasa ni jirani ya Nairobi, eti kwa sababu ndege hufika Lodwar kwa muda usiozidi saa mbili, imepima safari ya abiria anayeishia uwanjani. Kweli, angani ni kilomita 500 hivi. Lakini mama mjamzito wa Kaaleng, huko Turkana, anasafiri ardhini. Mvua ikinyesha milimani, laga, yaani mito ya msimu, hufurika ghafla, na gari husimama ukingoni hadi maji yapungue, hata kama ni kesho yake. Uwanja wa ndege wa Kakuma, pia ulioko Turkana, nao haumfai sana, kwani huhudumia zaidi ndege za mashirika ya misaada. Anayetaka kuisogeza Turkana ajenge madaraja, kisha ahesabu muda kuanzia nyumbani kwa mgonjwa hadi hospitali ya rufaa Lodwar.