Maarifa Yasigeuzwe Nyarubanja Mpya

Ulikuwapo wakati ambapo ardhi ya Kagera ilikuwa na wenyewe, nao wenyewe hao hawakuwa wale walioilima. Mpangaji wa nyarubanja alipanda migomba, akapalilia, akavuna, kisha akapeleka ushuru kwa bwana ambaye huenda hakupata kushika jembe tangu azaliwe. Serikali ya TANU iliona kwamba hapawezi kuwa na uhuru wa kweli mahali ambapo mvuja jasho anaishi kwa hisani ya mwenye cheo, na mwaka 1965 ikapitishwa sheria ya kuwakomboa wapangaji hao. Mabwana walinung'unika, lakini historia haikuwasikiliza.

Leo ardhi imo mikononi mwa mkulima. Lakini pembeni mwa ardhi hiyo imechipua nyarubanja ya namna nyingine, isiyo na mipaka ya miti wala mawe. Hiyo ni nyarubanja ya maarifa. Wapo watu walioajiriwa na umma, waliosomeshwa na umma, wanaolipwa kwa kodi ya umma ili wawe daraja kati ya utaalamu na mwananchi. Nao wamegeuka kuwa mabwana wa daraja hilo. Anayetaka kuvuka sharti awafuate mjini, awaombe, awasubiri, na akirudi mikono mitupu aambiwe kwamba yeye si mbunifu.

Chukuliwe mfano wa Mabira. Kata hiyo imo katika Wilaya ya Kyerwa, iliyozaliwa mwaka 2012 kwa kuigawa Wilaya ya Karagwe. Ni nchi ya kahawa ya maganda, ndizi na maharage, katika pembe ya Taifa inayopakana na Uganda na Rwanda. Mtu yeyote aliyepata kuingia katika kibanja cha eneo hilo anajua kwamba amekanyaga sayansi: mgomba unatoa kivuli kwa mbuni, mbuni unaleta fedha, maharage yanalala chini, na samadi ya ng'ombe inarudisha ardhini kile kilichochukuliwa na mavuno. Mpango huo haukutoka katika semina. Ulibuniwa na wakulima wenyewe, kizazi hata kizazi.

Wala si hilo tu. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Kimarekani, Peter Schmidt na Donald Avery, waliutangazia ulimwengu kwamba wafua chuma wa eneo ambalo leo ni Mkoa wa Kagera walikuwa wakiyeyusha chuma kwa ustadi mkubwa, kwa kupasha moto hewa inayoingia tanuruni, kiasi cha miaka 2,000 iliyopita. Aidha, muda mrefu kabla ya mkoloni kuleta mizani yake, watu wa nchi hiyo walikuwa wakizichemsha buni mbichi pamoja na majani ya harufu nzuri, wakazikausha na kuzitafuna, na kuwakirimu wageni kwazo. Huko ndiko kuongeza thamani ya zao, ingawa hapakuwa na mtaalamu wa kukupa jina hilo. Basi anayesema kwamba watu wa Mabira na Karagwe wanangoja kufundishwa ubunifu, ama hajui historia, ama ameikataa.

Wala haiwezi kusemwa kwamba Taifa halikuunda vyombo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Shirika la Viwango, TBS, likafuata mwaka 1975. TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, liliundwa mwaka 1979; CAMARTEC, la zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, mwaka 1981; na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, mwaka 1986. Kagera yenyewe ina kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, ina ofisi ya SIDO mjini Bukoba, ina chuo cha VETA, tena ina chama kikuu cha ushirika cha KDCU kule Kayanga kinachovihudumia vyama vya msingi vya Karagwe na Kyerwa. Orodha ni ndefu, na inapendeza kusomwa jukwaani. Swali ni moja tu: katika orodha hiyo, ni kipi kinachofika Mabira, na kinafika mara ngapi kwa mwaka?

Mtu na amfikirie mama mmoja wa Mabira anayekausha ndizi na kutaka kuziuza zikiwa zimefungwa vizuri katika mifuko. Ndizi anazo, na jua analo. Kinachomkwamisha ni maarifa madogo madogo: kaushio litengenezwe vipi ili vumbi na nzi visiingie, ndizi zibakiwe na maji kiasi gani ili zisiote ukungu, kibandiko kiandikwe nini, alama ya ubora ipatikane wapi. Yapo majibu ya maswali hayo yote. Wajasiriamali wadogo wamewekewa utaratibu wa kuhudumiwa na TBS bila malipo katika miaka ya mwanzo, kwa barua ya utambulisho ya SIDO. Ni utaratibu mwema, wa kijamaa hasa. Lakini barua inatolewa mjini, ukaguzi unaombwa kwingine, usajili wa jina la biashara unafanywa kwa mtandao, na mama huyo hajapata hata kuambiwa kwamba utaratibu huo upo. Huduma iliyo bure kwa sheria inakuwa ghali kwa nauli. Mwishowe anauza mkungu mzima kwa mwenye lori, kwa bei ya mwenye lori.

Watetezi wa urasimu wana jibu lililokwisha chakaa. Husema kwamba mwananchi wa kijijini hapendi mabadiliko. Hilo ni tusi, na ushahidi wa Kagera unalikanusha. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa maendeleo wa KCDP uliosaidiwa na Ubelgiji ulisambaza miche ya migomba mipya, ikiwamo ya FHIA iliyozalishwa Honduras. Wakulima waliipokea, wakaipanda, wakaipima kwa midomo yao, wakatoa hukumu: mingi inafaa zaidi kwa juisi na pombe kuliko kwa matoke. Huo si ukaidi. Huo ni utafiti, tena ulifanywa bila posho.

Vivyo hivyo kwa kahawa. Ugonjwa wa mnyauko fusari ulipobainika Kagera mwaka 1997, miti ilikauka yote shambani na hapakuwa na dawa ya kuiponya. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoanza kazi mwaka 2001, ilifanya kazi ya kusifiwa, na mwaka 2011 zikatolewa aina nne za robusta zenye kuuhimili ugonjwa huo. Wakulima hawakuikataa miche hiyo. Mwenye mbuni uliokufa hahitaji kubembelezwa kupanda ulio hai. Anachohitaji ni mche wenyewe, ufike karibu, ufike kabla ya mvua.

Halafu ukaja mnyauko wa bakteria wa migomba, katikati ya miaka ya 2000. Kinga yake haikuhitaji mashine wala dola: kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda bila kutumia kisu, kusafisha panga kwa moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na kuung'oa mapema mgomba ulioambukizwa. Ilikuwa ni habari tu. Mahali ilipofika mapema, vibanja viliokolewa. Mahali ilipochelewa, watu waliona chakula cha ukoo kikioza shinani. Hapo ndipo inapoonekana kwamba kuchelewesha maarifa si kosa dogo la ofisini. Ni kumnyang'anya mtu chakula.

Anayefaidika na ucheleweshaji huo anajulikana. Ni mlanguzi. Huko Kagera kuna unyonyaji unaoitwa butura: mkulima mwenye shida ya karo au ya mgonjwa anauza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, naye mnunuzi anangoja mavuno akiwa amekaa kivulini. Butura haistawi kwa sababu mkulima ni mjinga. Inastawi kwa sababu mwenye fedha ya haraka yuko mlangoni, na wenye mikopo ya haki, wenye habari za bei, wenye ujuzi wa kukoboa na kukaanga, wako mbali. Ndivyo ilivyo kwa magendo ya kuvusha kahawa kwenda Uganda. Ni kosa, na walinzi wa mpaka wanatimiza wajibu wao; lakini bunduki haijapata kuishinda bei. Kinachoyashinda magendo ni ushirika unaolipa upesi na kiwanda kinachoongeza thamani nyumbani. Mkoa huu una kiwanda cha TANICA pale Bukoba, kinachotengeneza kahawa ya kuyeyuka tangu miaka ya 1960. Iweje basi, zaidi ya nusu karne baadaye, kijana wa Mabira aijue kahawa kama gunia tu la kupakiwa?

Fedha nazo zipo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 baada ya kudhihirika kwamba baadhi ya vikundi vilikuwa hewa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Somo lake liko wazi. Fedha isiyotanguliwa na maarifa huishia kwa wajanja. Kikundi kilichofundishwa kutengeneza kitu na kukiuza hakiwezi kuwa hewa, kwa sababu bidhaa yake inaonekana gulioni.

Ni haki kukiri kwamba wapo watumishi waaminifu, na kwamba mafungu ni machache. Ni haki pia kukumbuka kwamba Aprili 2022 Serikali ilianza kuwagawia maafisa ugani pikipiki kwa maelfu, na kwamba barabara ya lami ya Kyaka hadi Bugene, yenye kilometa 59.1, ilifunguliwa mwaka 2017. Lakini hoja hiyo inawageukia wanaoitoa. Ikiwa lami imefika na pikipiki imetolewa, udhuru wa umbali umebaki na nguvu gani? Magunia ya kahawa yanaijua vyema njia ya kuteremka Bukoba. Ni maarifa tu ambayo hayajaijua njia ya kupanda. Redio ya jamii ya FADECO huko Karagwe imeonyesha kwa miaka mingi kwamba mkulima akipewa habari za kilimo kwa lugha anayoielewa, husikiliza, huuliza na hutenda. Redio ndogo imeweza. Mashirika makubwa yanashindwa nini?

Yanayotakiwa kutendwa hayahitaji tume. SIDO, TBS, watafiti wa Maruku na maafisa wa halmashauri waweke siku maalumu ya kukaa pamoja gulioni, Mabira na kata nyingine, ili mama yule apate jibu, barua na fomu mahali pamoja kwa siku moja. Ratiba ibandikwe katika ofisi ya kijiji, na asiyefika aulizwe na mkutano mkuu wa kijiji. KDCU na vyama vya msingi viihesabu elimu ya wanachama kuwa ni pembejeo sawa na miche. Mafundi wanaotoka VETA wapewe kazi ya kutengeneza makaushio na vikoboleo vijijini. Na ripoti za mwaka ziache kuhesabu semina. Zihesabu bidhaa mpya zilizoingia sokoni na wananchi waliozitengeneza.

Chama nacho kisijitoe katika lawama. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu, na hakuna dharau iliyo kubwa kuliko kumficha mtu ujuzi alioulipia kwa jasho lake. Katibu wa tawi anayejua idadi ya kadi alizouza, lakini hajui ni wanachama wangapi wamefikiwa na mtaalamu, hajaijua kazi yake. Kwa miaka mingi Kagera imetajwa miongoni mwa mikoa ya mwisho kwa pato la mtu mmoja, ilhali ina mvua, ina ardhi, ina ziwa na ina watu wasomi. Aibu hiyo si ya mkulima.

Nyarubanja ya ardhi haikuvunjika kwa sababu mabwana walitubu. Ilivunjwa kwa sheria na kwa msimamo. Nyarubanja ya maarifa nayo haitavunjika kwa hotuba. Siku ambayo mtaalamu ataondoka Bukoba alfajiri kumfuata mkulima wa Mabira, badala ya mkulima kumfuata yeye, ndiyo siku itakapovunjika.