Darubini ya Kupima Umbali: Madai Matano Yanayompotosha Mwindaji

Msimu wa uwindaji wa kitalii Tanzania hufunguliwa Julai, na kila unapokaribia, gumzo la vifaa huanza upya: nani ana darubini gani, inapima mita ngapi, kainunua kwa bei gani. Darubini yenye leza ya kupima umbali si kitu cha jana. Leica ya Ujerumani ilitoa Geovid ya kwanza mwaka 1992. Siku hizi aina zimekuwa nyingi, bei zimetawanyika, na kila muuzaji ana maneno yake. Nayajibu madai matano niyasikiayo zaidi, kwa sababu kosa la chombo halilipwi na mnunuzi peke yake. Hulipwa na mnyama anayekimbia na risasi tumboni, na wafuata nyayo wanaoingia kichakani kumtafuta.

Dai la 1: "Inayopima mita nyingi zaidi ndiyo bora."

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi hupatikana kwa kupima kitu kikubwa kinachorudisha mwanga vizuri, kama kibao cha barabarani au ukuta mweupe. Mnyama hayuko hivyo. Manyoya hufyonza na kutawanya sehemu kubwa ya mwanga wa leza, na mbogo mweusi hurudisha kidogo kuliko swala. Jua la mchana nalo hukisumbua kihisi kinachosubiri mwanga huo urudi. Ndiyo maana watengenezaji waaminifu hutaja umbali wa aina mbili: wa kitu king'aacho na wa mnyama. Huo wa pili, ulio mdogo zaidi, ndio wa kuutazama.

Kisha jiulize unawinda wapi. Katika misitu ya miombo, kama ile ya Rungwa, miti yenyewe haikupi nafasi ya kuona mbali. Mbogo hupigwa chini ya mita 100, na palahala au kongoni mara nyingi chini ya 200. Chombo kinachompata mnyama papo hapo kwenye mita 400, saa sita mchana, kitakufaa kuliko kinachojivunia mita 3,000 lakini kinasitasita pale unapokihitaji.

Dai la 2: "Leza haikosei."

Saa iliyo ndani ya chombo kweli ni ya ajabu. Mwanga huenda mita 300 na kurudi kwa sehemu mbili tu za milioni za sekunde, na chombo huugeuza muda huo kuwa mita. Lakini hupima kile mwale ulichogonga, si kile ulichokusudia. Mwale hutanuka kadiri unavyokwenda. Ukiwa na mtanuko wa milirediani 2.5, utakuwa na upana wa mita 1 ukifika mita 400. Upana huo unaweza kugusa nyasi zilizo mbele, tawi la kando na mlima ulio nyuma, vyote kwa pamoja.

Kosa hilo si dogo. Bunduki ya .375 H&H iliyosawazishwa kugonga pale pale kwenye mita 200 itashusha risasi zaidi ya sentimita 25 ikifika mita 300. Kifua cha swala pala hakina nafasi ya kosa la namna hiyo. Kwa hiyo chagua chombo chenye mwale mwembamba, kisha kichunguze mwenyewe: kipitishe taratibu kwenye ukingo wa nguzo iliyo peke yake, uone kama umbali hubadilika pale alama ya kulengea inapoigusa. Vyombo vingine alama yake na mwale wake haviko mahali pamoja. Na ukiwa porini usiridhike na kipimo kimoja. Pima mnyama, pima kichuguu au shina lililo kando yake, ulinganishe.

Dai la 3: "Ukuzaji mkubwa huonyesha vizuri zaidi."

Gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni. Darubini ya 8x42 hutoa milimita 5.25, ya 10x42 hutoa 4.2, na ya 10x32 hutoa 3.2 tu. Alfajiri na magharibi, wanyama wanapotoka, mboni ya jicho hutanuka hadi milimita 5 au zaidi, ingawa hupungua kadiri umri unavyosonga. Saa hizo 8x42 huona ndani ya kivuli ambamo 10x32 inaona giza. Tena ukuzaji hukuza mtetemo wa mikono pamoja na mnyama. Miombo ni ya 8x. Kumi iwe ya nyanda na milima.

Dai la 4: "Leza huharibu kioo, afadhali vyombo viwili."

Dai hili lina ukweli ndani yake, nami sitaufunika. Ili namba ionekane jichoni, kioo cha ndani hupakwa tabaka linalochuja mwanga, na kwenye vyombo vya bei nafuu tabaka hilo huacha rangi ya ajabu na kupunguza mwangaza. Vilivyotengenezwa kwa makini vimekaribia sana darubini za kawaida. Hapo ndipo pesa inapokwenda: kwenye kioo, kwenye tabaka zake, na kwenye gesi ya nitrojeni iliyojazwa ndani kuzuia ukungu.

Faida ya chombo kimoja ni kwamba mkono hausogei mara mbili mbele ya tandala anayekutazama. Lakini kama mfuko hautoshi, nunua darubini nzuri isiyo na leza, na kipima umbali kidogo cha pembeni. Betri ikiisha, unachobaki nacho ni kioo tu. Kioo kibovu chenye leza ni hasara mara mbili.

Dai la 5: "Chombo kitakupigia hesabu, wewe vuta tu."

Hesabu ya mwinuko ina maana. Mnyama aliye mita 300 kwenye mteremko wa nyuzi 30, risasi hushuka kana kwamba yuko mita 260, na chombo kizuri hukuambia hivyo. Lakini hesabu ya mshuko wa risasi hutegemea takwimu ulizoingiza wewe: kasi halisi ya risasi, uzito wake, umbali uliosawazisha bunduki. Ukiweka za kukisia, utapata jibu la kukisia lililovaa sura ya uhakika. Na upepo ulioko kwa mnyama darubini hizi haziupimi.

Kubwa zaidi, kujua kwamba pofu yuko mita 350 hakukupi uwezo wa kumpiga kwa mita 350. Thamani ya kwanza ya kipimo ni kukuzuia. Kama kwenye uwanja wa shabaha hugongi kwa uhakika zaidi ya mita 200, basi namba inayosoma 260 inakuambia usogee karibu au umwache aende.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, omba kuijaribu darubini jua linapozama, ilinganishe na nyingine mbili kwenye kivuli kilekile, kisha irudie mchana upime kitu cheusi kilicho mbali. Asiyekuruhusu kufanya hivyo anakuuzia boksi. Leseni inakupa haki ya kupiga mnyama. Wajibu wa kumuua kwa risasi moja safi ni wako, na hakuna leza itakayoubeba kwa niaba yako.