MTOTO ASIONDOKE BILA DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tunaijua sote. Mwenye duka huandika. Chama cha ushirika huandika. Mkulima akipeleka magunia yake ya mahindi ghalani hudai stakabadhi. Bila stakabadhi haondoki.

Lakini mtoto wa miaka 14 anaweza kuondoka kijijini alfajiri na mtu tunayemjua kwa jina moja tu. Hakuna aliyeandika anakokwenda. Hakuna aliyeandika kazi atakayofanya. Gunia lina stakabadhi, mtoto hana.

Mimi nasema jambo hili halifai. Nasema pia kwamba dawa yake tunayo. Dawa hiyo ni kalamu na daftari tulivyojifunza kutumia katika madarasa haya. Walimu wa kujitolea na wanakisomo wa vijiji vya Ufipa waichukue kazi hii, wasingoje watu wa mjini waje kuwafanyia.

Dalali ni nani?

Wengi hudhani mwizi wa watoto ni mgeni anayekuja usiku. Mara nyingi siyo. Kikulacho ki nguoni mwako. Dalali anaweza kuwa shangazi anayekaa mjini. Anaweza kuwa jirani. Anaweza kuwa kijana wa hapa hapa, aliyeondoka mwaka juzi na sasa amerudi na viatu vipya.

Mtu huyo hasemi kwamba amekuja kufanya biashara ya watu. Husema hivi: "Mama, huyu binti anakaa bure. Niache niende naye Dar es Salaam. Atalea mtoto wa watu wazuri. Jioni atajifunza cherehani. Fedha utaletewa kila mwezi." Kisha hutoa noti moja au mbili, anasema ni za sabuni. Mama anapokea. Hapo mtego umefyatuka. Siku binti akilia, mama ataona haya kusema, kwa sababu alipokea fedha.

Huko mjini binti huamka kabla ya jogoo na kulala baada ya wote. Akidai mshahara, huambiwa unatunzwa. Akitaka kurudi, huambiwa bado anadaiwa nauli ya kuja. Simu hana. Jina la mtaa halijui. Wengine hufikwa na mambo mabaya zaidi, ambayo msichana hawezi kuyasema mbele ya baba yake.

Wavulana nao huchukuliwa. Hupelekwa kuchunga ng'ombe, kuvua samaki, kulima tumbaku na kuchimba dhahabu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha uchunguzi wake juu ya machimbo madogo ya dhahabu nchini. Lilikuta watoto, wengine wa miaka minane tu, wakiingia mashimoni na kushika zebaki, ambayo ni sumu. Chunya ilikuwa moja ya wilaya zilizochunguzwa. Chunya si mbali nasi. Iko ng'ambo ya Ziwa Rukwa.

Wasichana wakubwa nao huahidiwa kazi Uarabuni. Mwaka 2017 shirika hilo hilo liliandika habari za wanawake Watanzania waliofanya kazi za ndani Oman na katika Falme za Kiarabu. Wengi walisema kwamba waajiri waliwanyang'anya pasi zao za kusafiria. Baadhi hawakulipwa mishahara yao yote.

Mambo haya si mapya kabisa. Zamani misafara ya watumwa ilitoka nchi za kando ya Ziwa Tanganyika kwenda pwani. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Baadaye, wakati wa ukoloni, watu wa bara waliandikwa manamba kwenda kukata mkonge. Asiyejua kusoma alitia dole gumba kwenye karatasi ambayo hakuweza kuisoma. Leo mtoto wetu anaondoka hata bila karatasi hiyo. Je, tumekwenda mbele au tumerudi nyuma?

Sheria inasema nini?

Tuzijue sheria zetu, maana asiyejua haki yake hawezi kuidai.

Kwanza, iko Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya mwaka 2008. Ni kosa kumchukua au kumsafirisha mtu kwa hila, vitisho au nguvu ili anyonywe. Na kama aliyechukuliwa ni mtoto, mshitakiwa hawezi kujitetea kwa kusema, "Mtoto mwenyewe alikubali," au "Mzazi wake alikubali." Tuelewe vizuri hapo. Mzazi hana ruhusa ya kumtoa mtoto akanyonywe.

Pili, iko Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Mtoto aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Aliyetimiza miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi tu. Machimboni na kwenye baa ni marufuku. Kumfanyisha mtoto kazi usiku, tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ni marufuku.

Tatu, iko Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri ahakikishe anaelezwa mpaka aelewe. Basi anayekuambia, "Kazi za ndani hazina maandishi," anakudanganya.

Wanakisomo wafanye nini?

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wengi walijitolea kufundisha, chini ya miti na katika majumba ya mikutano. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Vikundi vya vijijini vilisikiliza redio, vikasoma kitabu, vikajadili. Lakini havikuishia kujadili. Vilichimba vyoo na kufyeka majani. Elimu ile ilikuwa na jembe mkononi.

Na hii ya sasa iwe hivyo hivyo. Kila darasa liwe na daftari moja la safari. Litunzwe na watu wawili wanaoaminika, mmoja wao awe mwanamke. Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji walijue. Kijana anayetaka kwenda kufanya kazi mbali aje na mzazi wake na mtu anayemchukua. Waulizwe maswali haya, na majibu yaandikwe:

1. Wewe unayemchukua ni nani? Jina lako kamili, kijiji chako na namba yako ya simu.

2. Anakwenda wapi? Mji gani, mtaa gani, nyumba ya nani?

3. Mwajiri ni nani? Tumpigie simu sasa hivi, hapa hapa.

4. Ni kazi gani? Kwa saa ngapi? Mshahara ni kiasi gani, na atakabidhiwa nani?

5. Akishindwa, nauli ya kurudi iko wapi?

Swali la tano ni dogo, lakini lina nguvu. Mtu mwema atasema, "Nauli hii hapa, mpeni mwenyewe aitunze." Dalali atakasirika.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 14 hatuandiki safari ya kazi. Jibu ni hapana. Mahali pake ni shule. Tangu mwaka 2016 ada imefutwa kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne. Kwa hiyo anayesema, "Nitamsomesha mjini," aulizwe kwa nini asisome hapa.

Tuangalie pia majira. Watoto humaliza mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Katika miezi hiyo mtoto yuko nyumbani, na chakula kinapungua ghalani. Huo ndio wakati wa kishawishi. Walimu wa kujitolea wawakusanye vijana hao mara moja kwa juma. Wasome sheria hizi pamoja. Waigize mazungumzo ya dalali na mama, ili wakiyasikia siku nyingine wayatambue.

Na kijana aliyerudi baada ya kuteswa asichekwe. Akipenda kusema, yeye ni mwalimu kutupita sisi sote. Asipopenda, asilazimishwe.

Kuna nyumba moja ngumu zaidi. Ni nyumba iliyokwisha pokea fedha za sabuni. Mzazi huyo hatakuja kwenye daftari. Tumfuate kwake, watu wawili tu, bila kelele wala matusi. Tumwambie, "Ndugu yetu, fedha zitarudishwa, hata kwa kuchangiana. Mtoto hapatikani dukani." Ikiwa mtoto amekwisha ondoka na hapatikani, twende polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 hupigwa bure kwa mambo ya watoto.

Wapo watakaopinga

Wengine watasema, "Mnawafunga vijana wetu." Hapana. Watu wa Ufipa wamesafiri kutafuta kazi tangu zamani, na wapo waliosafiri wakajenga nyumba za wazazi wao. Kazi ya ndani si aibu. Sisi hatufungi mlango. Tunaweka taa mlangoni, tuone nani anaingia na nani anatoka.

Wengine watasema, "Huyu ni ndugu, kumhoji ni kumvunjia heshima." Najibu kwamba ndugu wa kweli hukaa akaandikwa. Tukiwahoji wote, hakuna atakayesema amedharauliwa. Tukiwahoji wageni tu, tutampitisha yule hatari zaidi.

Wengine watasema, "Njaa ndiyo inayowatoa, na daftari haliliwi." Hilo ni kweli, na tusilifiche. Daftari halijazi chungu. Kwa hiyo darasa lisiache kazi zake nyingine: bustani, nyuki, ushonaji, akiba ya pamoja. Lakini mtoto akinyonywa bila mshahara, njaa ya nyumbani haiondoki. Tunabaki na njaa yetu, na mtoto hatuna.

Ndugu wanakisomo, tulijifunza kuandika majina yetu na tukafurahi. Sasa tuandike majina ya watoto wetu kabla hawajapanda basi la Tunduma au mashua ya Kirando. Tuanze juma hili. Daftari moja linatosha.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, katika kijiji chetu wapo vijana walioondoka ambao hatujui walipo? Ni wangapi?

2. Kwa nini mzazi aliyepokea fedha huona haya kusema? Tumsaidie vipi?

3. Nani wawili watatunza daftari la darasa letu? Kwa nini hao?

4. Soma tena maswali matano ya daftari. Wewe ungeongeza swali gani?