Betri za Kuchajiwa: Tupime Kabla ya Kununua

Tangu kiwanda cha Eveready cha Nakuru kifungwe mwaka wa 2014, Kenya imekuwa ikiagiza betri ndogo kutoka ng'ambo. Miongoni mwazo ni zile zichajiwazo kwa waya wa USB, kama simu.

Faida yake ni bayana. Haba na haba hujaza kibaba: mwanafunzi wa Suneka adurusuye kwa tochi kila usiku hununua betri kavu mara kwa mara, ilhali hii huchajiwa mara mamia.

Hata hivyo, kasoro zipo. Bei yake ni ghali. Huzimika ghafla bila kufifia kwanza. Tena, mtambo mdogo uliomo ndani waweza kuivuruga redio. Saa ya ukutani, itoshekayo na betri kavu moja kwa miezi mingi, haihitaji gharama hiyo.

Zaidi ya hayo, lithiamu iliyomo yaweza kushika moto betri ikitobolewa au kutupwa jikoni. Onyo hilo, likiandikwa kwa Kiingereza pekee, halimfai mzazi asiyekisoma. Walimu, lifasirini darasani kwa Kiswahili na Ekegusii, nanyi wanafunzi mlifikishe nyumbani. Kifaa kisichoeleweka si maendeleo.