Lengalenga haiwezi kungoja siku 14

Mu mukutano wetu wa mwisho wa kooperativi tulibishana karibu saa nzima juu ya chupa moja. Komite ilipendekeza tutoe feza mu sanduku, tununue dawa ya wadudu kwa pamoja, kila memba apate kipimo chake cha kupulizia mboga za nyuma ya nyumba. Wengi walikubali. Lengalenga imetobolewa na viwavi, shu imekuwa kama chujio, nani angekataa? Kisha mama mumoja, ambaye hasemi sana mu mikutano, akasimama akauliza: «Nikipulizia leo, nitangoja siku ngapi mbele ya kukata mboga ya watoto?»

Hakuna aliyejibu. Chupa ya mufano ilikuwa pale juu ya meza, kijana mumoja akaichukua na kusoma karatasi yake: siku 14. Mama akasema, «Basi hiyo si dawa yangu,» akakaa.

Ndugu walimaji, mimi naona ule mama alisema neno ambalo sisi wengine tulipaswa kuanza nalo. Siku za kungoja si mapambo ya karatasi. Ni muda ambao sumu inahitaji ili ipunguke mu majani mpaka isimuzuru mwenye kula. Kwa shu inayokatwa mara moja, unaweza kuhesabu kurudi nyuma na kujua siku ya mwisho ya kupulizia. Lakini lengalenga ya nyumbani tunaikata kila siku mbili tatu, matembele vilevile, na sombe kidogo kidogo. Ukipulizia leo, mbele ya siku ya 14 utakuwa umekata mara ine au tano. Kungoja kwa kweli maana yake ni kununua mboga sokoni kwa wiki mbili. Na ile ya sokoni, nani anajua ilipuliziwa lini?

Na siku ile tulikuwa na bahati, chupa ilikuwa na karatasi. Wengi wetu tunanunua dawa iliyomiminwa mu kichupa cha siro ya kikohozi, bila jina, bila siku, bila kitu. Muuzaji anasema tu: weka kifuniko kimoja. Kifuniko cha chupa gani, kwa litri ngapi za maji? Kisha kile kichupa kinawekwa juu ya dirisha, karibu na dawa ya mutoto. Hapo sina maneno mengi. Kitu kama hicho kisiingie mu nyumba.

Kuna wanaosema mambo ya kuua wadudu kwa mimea ni mambo ya kurudi nyuma. Hapa Kivu hatuna haki ya kusema hivyo. Mu milima yetu ya Kivu ya Kaskazini watu walilima pareto tangu wakati wa Wabelgiji, maua meupe yanayokaushwa, na yaliuzwa inje kwa sababu yanaua wadudu. Nguvu ya pareto ina tabia moja: jua linaivunja upesi, haikai sana juu ya jani. Watu wa viwanda waliiga ile nguvu, wakatengeneza dawa za namna yake, kama sipermetrini na deltametrini, zinazovumilia jua na kukaa muda murefu zaidi. Kwa mwenye shamba kubwa, dawa inayokaa ni faida. Kwa mwenye kukata mboga jioni na kuipika usiku, kukaa kwake ndiyo hasara yenyewe.

Tena wadudu wanazoea. Kiwavi kidogo cha kijani kinachotoboa shu, kile kinachojitupa chini kwa uzi ukikigusa, kilijulikana tangu mwaka 1953 huko Java, Indonesia, kwamba DDT haikiui tena. Tangu pale kimezoea dawa nyingi zingine. Sisi tunaongeza kifuniko cha pili, cha tatu, na wanaokufa kwanza ni wale waliokuwa wanatusaidia: nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi, na vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi vinavyokula pusero. Niliwahi kuwaona watoto wangu wakiviponda wakifikiri ni adui. Mimi ndiye niliyewafundisha vibaya.

Sasa tufanye nini? Kwetu nyumbani kazi kubwa inafanyika asubui, mbele ya jua kupanda, kwa macho na vidole. Geuza jani. Mayai ya wadudu wengi yako chini yake, si juu. Jani lenye mayai unalitoa, unalipa kuku. Bustani ya hatua kumi kwa tano haimalizi nusu saa. Pusero, vile vidudu vyeusi vinavyojazana ku ncha za maharagi, vinakufa kwa maji ya sabuni: kijiko kimoja kikubwa cha sabuni ya maji mu litri moja, jioni, na yagonge kidudu chenyewe, kwa sababu yakikauka hayana kazi tena. Usitumie sabuni ya unga, inachoma majani. Jaribu kwanza ku majani mawili matatu, ungoje kesho uone. Majivu tunayanyunyiza kidogo kuzunguka miche, na mvua ikinyesha tunarudia. Pilipili nayo inaoshwa na mvua, na ni mara ngapi nimejipaka machoni! Kitalu cha shu tunakifunika kwa chandarua kilichotoboka, si kile watu wanachokilalia.

Tuko pia na tefrosia, ule muti ambao wazee walitwanga kwa kulewesha samaki mutoni. Tunatwanga kilo moja ya majani mabichi, tunaloweka mu litri tano za maji usiku kucha, tunachuja kwa kitambaa, tunaongeza sabuni kidogo. Inafanya kazi. Lakini tusidanganyane: kile kinachoua samaki ni sumu, hata kama kimetoka kwa Mungu na si kwa kiwanda. Usioshe ndoo yake mutoni wala karibu na kiziwa cha samaki. Sisi tunaipulizia shu ingali changa na maharagi, hatuipulizii lengalenga ya kukata wiki hii. Na maji ya tumbako, ambayo wengine wanayasifu, mimi nimeyaacha kabisa. Yanamuzuru anayeyatengeneza, na tumbako inaweza kuambukiza nyanya ugonjwa wa majani.

Kwa nyanya za kuuza sitajifanya mujuzi. Mildiu ikiingia wakati wa mvua nyingi, majivu hayaizuii, sabuni haiizuii. Kupanda kwa nafasi, kufunga ku vijiti, kutoa majani ya chini na kutomwagia maji juu ya majani vinasaidia, lakini kuna miaka ambayo havitoshi. Anayepulizia nyanya zake za sokoni sigombani naye. Namuomba tu anunue chupa iliyofungwa, ahesabu siku, na ile pompe yake isiingie mu bustani ya mboga za nyumbani.

Kitu kilichonikasirisha mu ule mukutano ni jibu la baba mumoja: «Kutoa viwavi kwa mukono ni kazi nyingi.» Ni kweli ni kazi. Lakini kazi ya nani? Ile nusu saa ya asubui ni ya wamama na watoto, na baba yule hajawahi kugeuza jani hata moja. Tunapenda chupa kwa sababu sisi wanaume ndio tunaopuliza, siku moja, watu wakituangalia. Kama bustani ni ya nyumba nzima, basi watu wote wa nyumba waamke.

Kwa hiyo ningependa komite irudishe ile mambo ku mukutano ujao. Feza ya sanduku inunue sabuni na ndoo mbili za kuloweka zitakazobaki kwa kazi hiyo tu. Salongo moja itoshe kupanda uzio wa tefrosia kuzunguka shamba la pamoja, mbali na kiziwa, mvua za mwezi wa 9 zikianza. Mwenye mbegu azilete. Zinalowekwa mu maji usiku mumoja mbele ya kupandwa. Majani ya kutwanga hayatapatikana katika sezoni A hii, miti itakuwa ingali midogo. Mpaka pale ni sabuni, majivu na vidole. Na yule mama ningeomba apewe nafasi ya kusema wa kwanza.