Mbwa mkubwa si kufuli la geti

Ukipita siku hizi mitaa ya Durban wanayokaa Waislamu kwa wingi, kuanzia Overport na Sherwood hadi Reservoir Hills na Westville, utabwekewa kabla hujabonyeza kengele ya mlango. Wizi umewachosha watu. Kwanza walipandisha ukuta, wakaweka nyaya za umeme juu yake, wakalipa kampuni ya ulinzi, na mwisho wakanunua mbwa. Na mbwa mwenyewe si wa mchezo: ni boerboel wa kilo 60 au 70, au ridgeback mwenye ule mstari wa manyoya uliogeukia mbele mgongoni. Anawekwa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, kwa mnyororo wa mita mbili. Hapo hapo anakula, hapo hapo analala, na wengine hapo hapo wanafia.

Maoni yangu nayasema mapema: asiyeweza kumtembeza mbwa mkubwa kila siku, asimfuge. Kufuli ukilisahau mwaka mzima linashika kutu tu. Mbwa ukimsahau anaharibika akili, na akiharibika, anayeumia mara nyingi ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo.

Tuanze na mbwa wenyewe, maana watu wetu wengi wananunua kwa kutazama ukubwa wa kichwa tu. Ridgeback na boerboel wote ni wa huku kusini, lakini miili yao ni mbalimbali kama mwanariadha na mbeba magunia.

Ridgeback asili yake ni mbwa wa Wakhoikhoi, wenyeji wa kusini mwa Afrika, waliochanganyika na mbwa wa walowezi wa Kizungu. Mwaka 1922 wafugaji walikutana Bulawayo wakaandika sifa rasmi za aina hii. Wawindaji walimtumia kwa simba. Si kwamba alimuua simba, hilo haliwezi. Kazi yake ilikuwa kumzunguka, kumbwekea na kumkwepa mpaka mwenye bunduki afike. Kazi hiyo inataka pumzi ndefu na miguu myepesi. Dume lina kimo cha sentimita 63 mpaka 69 begani, na uzito wa kilo 36 hivi. Hapa tunawajua wakimbiaji wa Comrades, zile mbio za karibu kilomita 90 kati ya mji wetu na Pietermaritzburg zilizoanza mwaka 1921. Basi ridgeback ni mtu wa kundi lile. Akishakuwa mzima na afya yake njema, anahitaji saa moja kwa siku au zaidi, na ndani ya saa hiyo apate nafasi ya kukimbia kwelikweli.

Boerboel ni habari nyingine. Huyu ni mbwa wa mashamba ya Makaburu, kazi yake kulinda boma na watu wake. Wafugaji wake waliunda chama mwaka 1983 huko Free State. Ana kifua kipana, shingo nene na mifupa mizito. Anaweza kuchomoka ghafla mbio za mita hamsini ukashangaa, lakini si wa masafa marefu. Ukimburura kilomita kumi juu ya lami utamvunja nyonga na magoti, sehemu ambazo kwa mbwa wazito ni dhaifu tangu mwanzo. Yeye anataka matembezi mawili kwa siku, ya nusu saa au zaidi kidogo kila moja, kwa mwendo wa mtu anayewahi basi.

Na wote wawili, wakiwa wadogo, wasikimbizwe. Mifupa ya mbwa mkubwa haimalizi kukua mpaka apate mwaka mmoja na nusu, pengine miaka miwili. Nimewaona vijana wetu asubuhi karibu na mdomo wa mto Umgeni, kijana yuko juu ya baiskeli na mtoto wa mbwa wa miezi sita anamfuata ulimi nje. Baba mtu anajivuna kuwa mbwa wake ana nguvu. Hiyo si nguvu, ni kilema kinachoandaliwa.

Sasa mtu atasema, "Maalim, ua wangu ni mkubwa, atajitembeza mwenyewe." Hapana bwana. Mwache mbwa peke yake katika ua wowote, umtazame dirishani. Atazunguka mara mbili, kisha atalala mbele ya geti akingojea. Mbwa hatembei kwa miguu tu, anatembea kwa pua. Barabara kwake ni gazeti: nani kapita, lini, alikuwa na hofu au hana. Mbwa anayeona ukuta ule ule kila siku huanza kuchimba mashimo, kutafuna mabomba, kubweka usiku kucha mpaka majirani wapige simu. Wenyewe tunasema "mbwa huyu mkali." Si mkali, amefungwa.

Wasomaji wa Muscat, Dubai na Doha watalielewa jambo hili upesi, kwa sababu Waarabu wana saluki. Bedui hakumfunga saluki nyuma ya hema. Alimpa hadhi, akamwita kwa jina, akamwacha alale kwenye kivuli cha hema lake wakati mbwa wengine walikaa nje. Kwa nini? Kwa sababu saluki alileta sungura na paa nyumbani, na hawezi kuwaleta bila kukimbia. Mbio zake hufika karibu kilomita 65 kwa saa. Abu Dhabi leo kuna kituo maalumu cha saluki wa Kiarabu. Hayo ni ya mababu zetu, si mambo ya Wazungu. Tumeyasahau, tukabakiwa na mnyororo.

Najua kinachosemwa vibarazani. Wazee wa pwani walituachia methali, "Mchezea mbwa huingia naye msikitini," na wengi wetu tumelelewa kwa hofu hiyo. Sisi Mashafi tunajua kuwa mate na unyevu wa mbwa ni najisi, na chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mie sibishani na hilo hata kidogo. Lakini tuiseme sheria yote, tusiiseme nusu. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, na wanavyuoni wengi wa madhehebu yetu wakakisia juu ya hao ulinzi wa nyumba. Kikavu kikigusana na kikavu hakihamishi najisi. Kamba ndefu, viatu vya kutembelea vilivyotengwa, kanzu ya kazi inayobaki gereji, na bomba la maji uani: vitu hivyo vinne vinakutosha. Mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Na pia tukumbuke hadithi zile mbili tulizofundishwa chuoni tukiwa wadogo. Ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji katika kiatu chake amnyweshe mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Na ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Kosa lake lilikuwa nini? Alimfungia. Hakumlisha, wala hakumwacha aende akajitafutie. Kila nikipita nyuma ya nyumba fulani nikasikia mnyororo ukiburuzwa juu ya saruji, nakumbuka hadithi hiyo ya pili. Tunaogopa najisi ya mate, ambayo maji na udongo vinaiondoa, hatuogopi dhulma.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Afrika Kusini ya Ulinzi wa Wanyama, namba 71 ya mwaka 1962, inalifanya kosa kumfunga mnyama bila sababu au kwa namna inayomtesa. SPCA wana wakaguzi wao, na jirani ana simu. Vilevile chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima, na hapa KwaZulu-Natal si jambo la kuchezea, kwa kuwa ugonjwa huo haujatutoka. Dalili zikishamtokea mtu, hakuna dawa. Mbwa asiyetoka nje naye achanjwe, maana ukuta hauwazuii mbwa wa mtaani na nguchiro.

Nikatae pia hoja moja ya hatari, ile ya kusema mbwa akifungwa anakuwa mlinzi mzuri. Mlinzi mzuri ni yule anayejua kutofautisha. Mbwa aliyezoea barabara anajua kuwa mtoto anayepita na mpira si mwizi, na mama anayeuza mboga si mwizi. Aliyefungwa hajui lolote; siku mnyororo ukikatika kila anayesogea ni adui. Mwaka 2022 nchi hii ilitikisika baada ya watoto kuuawa na mbwa aina ya pitbull, watu wengi wakatia saini ombi la kuwapiga marufuku. Mjadala ulikuwa juu ya aina ya mbwa. Wachache waliuliza mbwa wale waliishi vipi.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wageni na watoto wa wageni tunapaswa kulijua. Mwafrika wa hapa ana kumbukumbu yake na mbwa mkubwa. Wakati wa ubaguzi, mbwa alikuwa silaha ya polisi. Hata baada ya uhuru, mwaka 1998, askari wa kikosi cha mbwa waliwaachia mbwa wahamiaji wa Msumbiji huku wakijirekodi video, na nchi nzima iliiona kwenye televisheni mwaka 2000. Kwa hiyo ukitoka na boerboel wako, mfupishe kamba, vuka upande wa pili ukimwona mtu anakuja, na usicheke akiogopa. Haogopi bure.

Tuje kwenye hali ya hewa, maana Durban si Johannesburg. Kiangazi hewa hapa ni nzito kama ya Mombasa mwezi wa Machi. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, na hewa ikijaa unyevu kuhema hakumfai sana. Bahati nzuri sisi tunaamka. Disemba jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, basi ukitoka msikitini baada ya Alfajiri, huo ndio wakati wa mbwa. Awamu ya pili iwe baada ya Magharibi. Weka kiganja chako juu ya lami: ukishindwa kukiweka sekunde saba, nyayo zake nazo zitaungua. Chukua maji. Ukimwona ulimi umekuwa mwekundu sana, mate yanamtoka kamba kamba na anayumba, simama, mtie kivulini, mmwagie maji ya kawaida, umkimbize kwa daktari wa wanyama. Usimlishe kisha ukamkimbiza hapo hapo. Mbwa wa kifua kirefu tumbo huweza kujipinda, naye akafa siku ile ile. Na mkirudi mpekue kupe masikioni na katikati ya vidole, kwani homa ya kupe huku inaua mbwa wengi.

"Nani atamtembeza?" Hili ndilo swali lenyewe. Baba yuko dukani mpaka usiku, mama hataki kumgusa, watoto wako madrasa. Basi kazi anatupiwa kijana wa bustani kutoka Malawi, ambaye hakuajiriwa kwa hilo wala hakufundishwa, naye anavutwa na mnyama mwenye uzito kumshinda. Kama ni yeye, mlipe kwa kazi hiyo na umfundishe. Lakini mimi napendekeza mwenye nyumba. Nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Wangapi katika sisi madaktari wametuambia tutembee kwa ajili ya sukari na presha, tukaitikia ndiyo, tukarudi kwenye kochi? Dawa mbili zingekuwa katika kamba moja.

Neno kwa jamaa wa Ghuba. Kuna vijana huko wanaouliza bei ya boerboel wa Afrika Kusini wamsafirishe kwa ndege. Someni sheria kwanza. Emirati wana sheria namba 22 ya mwaka 2016 juu ya wanyama hatari, ambayo inawagusa pia mbwa wa aina fulani, na hata Denmark walimpiga marufuku boerboel mwaka 2010. Halafu fikirini mwezi wa Julai. Mnyama wa kilo 70 atakayeishi miezi minne ndani ya kiyoyozi, ghorofa ya tisa, atatembea wapi? Kama mnapenda mbwa wa mbio, mnaye wenu, aliyezaliwa kwa jua hilo.

Na ninyi wa Durban, kabla ya kutoa hata randi moja, kaeni kikao cha nyumbani muulizane: nani atatoka na mbwa huyu Jumatatu alfajiri, mvua inanyesha? Liandikwe jina. Jina lisipopatikana, nunueni taa ya uani na kengele nzuri. Ni rahisi zaidi, na hazitaulizwa haki zao siku ya Kiyama.